Namna ya Kuingiza Muda wa Kusubiri Kona katika Utabiri wa Foleni

Modeli nyingi za usafiri hukokotoa muda wa safari kwa urefu wa barabara na wingi wa magari yaliyomo, huku makutano yakihesabiwa kuwa nukta tupu inayopitwa bila kupoteza hata sekunde moja. Mjini dhana hiyo haisimami, kwani dereva anayekata kona kwa kuvuka mkondo wa magari yanayomkabili husubiri mara nyingi kuliko anayenyoosha moja kwa moja, ingawa wote wawili wametoka kwenye barabara ileile.

Anza kwa kuipasua nodi, yaani ile nukta inayowakilisha makutano kwenye modeli. Makutano ya barabara nne yapewe nodi nne za kuingilia na nne za kutokea, kisha ziunganishwe kwa viungo vifupi 12, kila kimoja kikiwa mwelekeo mmoja, au 16 iwapo magari yanaruhusiwa kugeuza na kurudi yalikotoka. Hatua hii isirukwe hata kidogo: algoriti ya Dijkstra ya mwaka 1959, inayotafuta njia ya haraka zaidi, huhifadhi gharama (muda) moja tu kwa kila nodi, wala haikumbuki gari limeingilia upande gani, kwa hiyo adhabu za kona, yaani sekunde za kusubiri zinazoongezwa kwa kila kona, zikibandikwa juu ya nodi isiyopasuliwa, njia inayotolewa yaweza kuwa si ya haraka kabisa, na hutapata onyo lolote. Kona iliyokatazwa, futa kiungo chake.

Penye taa, tumia fomula ya Webster ya mwaka 1958 ya wastani wa muda wa kusubiri, ambayo sehemu yake ya kwanza ni C(1 − g/C)² ÷ 2(1 − q/s): C ni mzunguko wa taa, g ni muda wa kijani, q ni magari yanayofika kwa saa, na s ni yanayoweza kupita kwa saa kama kijani kingewaka mfululizo. Chukua mzunguko wa sekunde 90, magari 480 kwa saa na s ya 1,800. Wanaonyoosha, wakipewa kijani cha sekunde 45, hungoja wastani wa sekunde 15 hivi. Wanaokata kona, wakipewa 30, hungoja 27. Magari yakikaribia uwezo wa kona, yaani idadi ya juu inayoweza kupita kwa kijani chake, sehemu hiyo peke yake haitoshi, nawe huna budi kuongeza muda wa foleni inayobaki baada ya kijani kuzimika.

Pasipo taa, muda hutegemea mwanya ambao dereva anaukubali kati ya magari yanayopita.

Unaposahihisha modeli, linganisha idadi ya magari ambayo modeli inatoa kwa kila kona na ile iliyohesabiwa barabarani saa ya msongamano, kwa sababu jumla ya makutano yote huweza kulingana vizuri ilhali kosa la kona moja limefunikwa na la nyingine.