Jinsi ya kupima ufanisi wa hospitali za umma mageuzi yakiwa bado yanaendelea

Serikali ikibadili namna ya kuzilipa hospitali, au ikiziachia zisimamie fedha zake zenyewe, haichukui muda watu wakaanza kuuliza: zinafanya kazi vizuri zaidi kuliko zamani? Ugumu ni kwamba mageuzi hubadili kazi yenyewe na pia jinsi kazi hiyo inavyoandikwa kwenye rejista. Mwongozo huu ni wa mchambuzi mwenye takwimu za hospitali nyingi kwa miaka kadhaa, kabla na baada ya mageuzi.

Hatua ya 1: Amua unapima nini

Hospitali iliyobana matumizi si lazima iwe na ufanisi. Swali letu ni hili: kwa watumishi, vitanda na fedha ilizopewa, imetoa huduma kiasi gani ukiilinganisha na wenzake wanaofanya vizuri zaidi? Pia linganisha hospitali za ngazi moja. Hospitali ya rufaa hupokea wagonjwa walioshindikana kwingine, na ukiiweka kapu moja na hospitali ndogo itaonekana mzembe bure.

Hatua ya 2: Safisha takwimu

Hapa ndipo muda mwingi utakapokwenda, na ndivyo inavyopasa. Upande wa rasilimali chukua madaktari, wauguzi, watumishi wengine, vitanda na matumizi yasiyo mishahara. Upande wa huduma chukua mahudhurio ya wagonjwa wa nje, wagonjwa waliolazwa na kuruhusiwa, upasuaji na wanawake waliojifungua.

Hesabu vitanda vinavyotumika, si vilivyoidhinishwa kwenye karatasi. Hesabu watumishi walio kazini. Orodha ya mishahara huwa na walio masomoni na walioazimwa ofisi nyingine. Fedha za miaka tofauti zirudishe kwenye bei za mwaka mmoja.

Kisha angalia mwaka ambao malipo yalibadilika. Hospitali zikianza kulipwa kwa kila mgonjwa aliyelazwa, idadi ya waliolazwa hupanda, na sehemu ya ongezeko hilo ni kalamu tu: waliokuwa hawaandikwi sasa wanaandikwa, au mgonjwa mmoja anaruhusiwa na kulazwa tena ili ahesabiwe mara mbili. Linganisha na kitu kisicholipiwa kwa mtindo huo, kama vipimo vya maabara au milo ya wodini. Waliolazwa wakiongezeka kwa theluthi na milo ikabaki palepale, usiendelee kabla hujajua sababu.

Hatua ya 3: Anza na hesabu za mkono

Tuseme hospitali mbili zina vitanda 100 kila moja, na kila moja imetumia siku za kitanda 29,200 kwa mwaka. Zote zimejaza vitanda kwa asilimia 80. Lakini ya kwanza imehudumia wagonjwa 4,000, wastani wa siku 7.3 kwa mgonjwa. Ya pili 7,300, wastani wa siku 4. Huenda ya kwanza inachelewesha majibu ya vipimo, au ina wagonjwa mahututi zaidi. Mwaka 1986 mtafiti Pabón Lasso alipendekeza mchoro unaoweka kiwango cha kujaa vitanda kwenye mhimili mmoja na idadi ya wagonjwa kwa kila kitanda kwenye mwingine. Uchore. Wakuu wa hospitali huuelewa haraka kuliko jedwali lolote.

Hatua ya 4: Tafuta mpaka wa ufanisi

Njia inayotumika sana ni DEA (Data Envelopment Analysis), hesabu inayopima kila hospitali dhidi ya zile bora, iliyoasisiwa na watafiti Charnes, Cooper na Rhodes mwaka 1978. Huchora mpaka kwa kutumia hospitali bora zilizomo kwenye takwimu zako, kisha huzipa nyingine alama kati ya 0 na 1 kulingana na umbali wao kutoka mpaka huo. Kwenye R, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu, kifurushi cha Benchmarking kinatosha.

Usirundike vigezo, yaani aina za rasilimali na huduma unazopima. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kuwa na hospitali zisizopungua mara tatu ya jumla ya vigezo vyote, wala zisipungue idadi ya rasilimali ukiizidisha kwa idadi ya huduma. Rasilimali 3 na huduma 3 zinadai hospitali 18 kwa uchache. Zikipungua, karibu kila hospitali itapata 1, yaani itaonekana bora, na hutajua kitu.

Je, upime rasilimali ambazo zingeokolewa au huduma ambazo zingeongezwa? Kama mkuu wa hospitali hana uwezo wa kuajiri wala kupunguza watumishi, pima huduma zaidi ambazo zingetolewa kwa rasilimali zilezile.

Hatua ya 5: Linganisha miaka kwa kipimo cha Malmquist

Ripoti nyingi huharibika hapa. Alama ya 0.80 ya mwaka wa kwanza hailinganishwi moja kwa moja na 0.72 ya mwaka wa nne, kwa sababu mpaka wenyewe umesogea. Kipimo cha Malmquist hutenganisha mambo mawili: hospitali imeukaribia mpaka au imebaki nyuma kiasi gani, na mpaka wenyewe umesogea kiasi gani. Kwa mfano wetu, hospitali imebaki nyuma ya wenzake: 0.72 gawanya kwa 0.80 ni 0.90. Lakini tuseme mpaka umesogea mbele kwa 1.20. Zidisha: 1.08. Tija imepanda kwa asilimia 8 ingawa alama imeshuka! Anayesoma alama peke yake angeandika kwamba mageuzi yameiangusha hospitali hiyo.

Hatua ya 6: Tenga mchango wa mageuzi

Kama mageuzi yalianza kwa awamu, linganisha mabadiliko ya hospitali zilizotangulia na ya zile zilizokuwa bado zinangoja. Usizichukue alama za DEA na kuzitia tu kwenye regresheni ya kawaida, ile hesabu ya kupima jambo moja linavyohusiana na mengine. Alama hizo hutegemeana, na watafiti Simar na Wilson walieleza mwaka 2007 namna ya kurekebisha kwa kuchota sampuli upya mara nyingi. Sambamba na tija, fuatilia vifo vya wodini na wagonjwa wanaorudi ndani ya siku 30. Tija ikipanda huku hivyo viwili navyo vikipanda, usiiite mafanikio.

Kabla ya kuchapisha, pelekea kila hospitali matokeo yake. Utaambiwa kwamba chumba cha upasuaji kilifungwa miezi sita kwa ukarabati, au kwamba wodi mbili zilihamishiwa jengo jingine katikati ya mwaka, na itabidi urudi hatua ya 2.