Kufunga kizazi papo hapo kwenye operesheni ya uzazi: umwombe daktari njia ipi?

Mimi ni muuguzi mkunga, kazi yangu iko Masasi. Mama anayetarajia kuzaa kwa operesheni na ameshatosheka na watoto, aseme mapema kliniki, liandikwe kwenye kadi. Uchungu ukishashika, hakuna anayeamua vizuri. Na kama unategemea hospitali ya misheni ya Kikatoliki, uliza mapema zaidi, maana Kanisa halikubali kufunga kizazi.

Tumbo likiwa limeshafunguliwa, mirija ya uzazi, ile inayopitisha yai kutoka kwenye ovari kwenda kwenye kizazi, inafikiwa kwa kidonda kilekile. Njia iliyozoeleka ni kufunga na kukata: mrija unakunjwa, unafungwa kwa uzi unaoyeyuka, mkunjo unakatwa. Uzi ukiisha, ncha mbili zinaachana. Ni kazi ya haraka. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1996 ulionyesha kwamba katika wanawake 1,000 waliokatwa hivyo baada ya kujifungua, 7 au 8 walishika mimba ndani ya miaka 10.

Njia nyingine ni kuitoa mirija yote miwili. Inaongeza dakika kadhaa mezani, tena mishipa ya damu ya mjamzito imejaa, kwa hiyo inataka mkono uliozoea. Faida yake kubwa ni kwamba saratani nyingi za ovari za aina kali huanzia mwishoni mwa mrija. Mrija ukitolewa, hatari inapungua. Ovari zinabaki, hedhi inaendelea, na hamu ya tendo haikatwi na kisu, hata makungwi waseme nini. Daktari akiwa mzoefu, mimi ningechagua hii.

Vibanio, yaani vile vya kubana mrija bila kuukata, sivishauri wakati huu. Mirija imevimba, huenda visibane sawasawa.

Sasa kuna makovu. Aliyepasuliwa mara mbili tatu, mirija inaweza kuwa imegandana na viungo vya jirani, isitoke yote. Muulize daktari: "Ikishindikana kuitoa, utafanyaje?" Jibu liingie kwenye fomu ya ridhaa kabla hujatia sahihi.

Njia zote hizi uzihesabu ni za kudumu. Wanaofunga kabla ya miaka 30 hujuta zaidi, basi mwenye kusitasita aombe kitanzi; kinawekwa kwenye operesheni hiyohiyo. Au mume akafunge yeye, upasuaji wake ni mdogo zaidi. (Wanaume wetu wakisikia hilo, ghafla wanakumbuka mikorosho haijapuliziwa dawa.)

Kabla ya kuruhusiwa, hakikisha karatasi yako imeandikwa umefanyiwa njia ipi, uitunze. Uliyefungwa na kukatwa, siku ukikosa hedhi na tumbo likauma upande mmoja, usingoje kesho wala usinywe dawa za mizizi: mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na karatasi hiyo mkononi.