Jinsi ya kuangalia komedi ya ugonjwa wa akili na familia bila kuharibu jioni

Kama nyumbani kuna mtu anayetumia dawa za akili, tuseme shangazi, usiweke komedi ya mambo hayo eti kisa trela inachekesha. Iangalie kwanza peke yako hata nusu saa, maana trela huwa wameshachambua vichekesho vizuri vyote, yaliyobaki ndo mtakutana nayo mkiwa mmeshakaa na bisi mkononi.

Mfano nautoa kwenye Mental ya 2012, ya Australia, ya muongozaji P.J. Hogan yule wa muvi ya Muriel's Wedding ya 1994, na mwigizaji wake Toni Collette yumo tena, kwa hiyo watu tulikaa tukijua hapa kuna mzigo. Tena stori ina mzizi wa kweli, utotoni kwa Hogan mama aliugua akili na baba akamuokota mwanamke aliyekuwa anaomba lifti barabarani, akamleta alee watoto.

Sasa cha kukagua kwanza ni kicheko kinamwangukia nani. Shirley, mama wa mabinti watano, anaanika nguo huku anaimba nyimbo za The Sound of Music kwa sauti yote na wanawe wanakufa kwa aibu, unacheka lakini roho inakuuma. Afu akilazwa, mumewe ambaye ni meya anawaambia watu kaenda likizo Wollongong, mji wa huko huko Australia. Hapo kicheko kinamwangukia meya, sio mgonjwa, na sisi tunaijua sana hiyo, ni familia ngapi mgonjwa "kasafiri" au "malaria imepanda kichwani" kumbe yuko wodini?

Halafu angalia huyo mgonjwa anaonekana muda gani. Hapa ndo iliponiboa yaani, Shirley akishapelekwa hospitali muvi karibu inamsahau, anaingia Shaz, yule mwanamke wa lifti (ndo Collette) na mbwa wake, anafoka, anawaambia mabinti nyie wazima, vichaa ni majirani. Mara ya kwanza inachekesha kweli. Ila ikishakuwa kila mtu mtaani kichaa na kila mtu anapiga kelele, mwenye shida ya ukweli humuoni vizuri, na Collette anajituma mpaka unamuonea huruma kwa jinsi alivyoachiwa kazi yote. Rimoti iwe karibu pia, kuna sini ya makochi meupe kwa jirani ambayo na mama mkwe hapo pembeni hutajua uangalie wapi.

Muvi ikionesha dawa ni za wajinga na upendo tu unatosha, ongea pale pale, sema wazi hiyo ni sinema, usisubiri iishe.

Ikiisha, tafadhali usimgeukie shangazi ukamuuliza "na wewe ilikuwa hivyo?" Muulize kuhusu meya, atajifungulia mwenyewe akitaka. Na wale wa utani wa "huyu katoroka Mirembe" (hospitali ya akili ya Dodoma) waambie mapema waache, kabla hujawasha tivii. Ila pia usimlinde kupita kiasi, akicheka pale ulipodhani ataumia muache acheke, yeye anayajua ya wodini kuliko wewe na kuliko huyo Hogan. Akinyanyuka kwenda jikoni na asirudi, badilisha chaneli kimya kimya, weka hata mpira.