Dogo kagongwa kichwa? Mtoe. Kwa makocha wa watoto hapa Tanga

Makocha wenzangu, hasa nyie wa viwanja vya vumbi vya Makorora, Donge, Duga na kwingineko, mtoto akigongwa kichwa na ukahisi hayuko sawa unamtoa na siku hiyo harudi tena, hata kama ni fainali ya mbuzi zimebaki dakika tano na yeye ndo straika wako.

Wengi tunasubiri azimie ndo tuseme kaumia. Mtikisiko wa ubongo mara nyingi mtu hazimii kabisa, na wala si lazima agongwe kichwani, kikumbo cha nguvu kikimrusha shingo mbele na nyuma kinatosha. Angalia anavyoinuka: anayumba, anashika kichwa, kakodoa macho tu, anauliza swali lilelile, anakimbilia upande wa wapinzani. Mwenyewe atasema kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwanga unamsumbua. Wengine wanakasirika au kulia hovyo, sisi tunasema dogo hana nidhamu.

Usimuulize "uko poa?", atakujibu "niko fiti kocha" hata kama anaona magoli mawili. Muulize tupo uwanja gani, hiki kipindi cha ngapi, nani kafunga goli la mwisho, mechi iliyopita tulicheza na nani. Akikosea hata moja, nje. Akipatia yote ila wewe unayemjua unaona hayupo, nje pia, maana dalili nyingine zinakuja baada ya masaa. Na ile ya kumwagia maji ya baridi halafu "ingia baba" tuiache jamani, maji yanapoza joto tu, akigongwa tena kabla ya kupona ubongo unaweza kuvimba vibaya, ni nadra ila inaua, na walio hatarini zaidi ndo hawa watoto na vijana.

Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, mboni moja kubwa kuliko nyingine, degedege, mkono au mguu kuishiwa nguvu, usingizi asioamshika, hapo ni hospitali ya Bombo moja kwa moja. Shingo ikimuuma, au kazimia, msimnyanyue juujuu wala kumpakia bodaboda, atulie hapohapo mpaka gari lije na watu wanaojua kumbeba.

Mzazi mwambie wewe mwenyewe, usimtume dogo, atakaa kimya ili Jumamosi acheze. Asiachwe peke yake, siku moja au mbili apumzike, simu na TV apunguze, maumivu ni parasetamo, sio aspirini wala diklofenaki. Kulala alale, ila mtu awe karibu.

Kurudi: shule kwanza, mpira baadaye. Anaanza kutembea, halafu kukimbia taratibu, mazoezi ya mpira bila kugusana, daktari amruhusu, mazoezi kamili, ndo mechi. Kila hatua angalau siku nzima, dalili zikirudi anashuka hatua moja. Wiki mbili tatu benchi sio nyingi kwa mtoto.

Kupiga mpira kwa kichwa nako, mwaka 2015 shirikisho la soka Marekani lilitangaza kuzuia watoto wa miaka 10 kushuka chini wasipige, Uingereza 2020 ikaondoa kwenye mazoezi ya wa shule ya msingi. Sisi hatuhitaji kusubiri barua, fundisha pasi za chini. Na yale magoli ya chuma ya kuhamisha yafungeni ardhini kabla ya mazoezi, watoto wanapenda kuyaning'inia.