Je, samadi inaongeza viazi kweli? Jinsi ya kupima shambani kwako

Msimu wangu wa kwanza wa majaribio, huku kwenye miteremko ya Uporoto, Mbeya, niliweka samadi upande wa chini wa shamba, wa juu nikauacha bila. Viazi vya chini vikawa kama ngumi. Nikaita majirani waje kuona. Mzee mmoja akachokoa udongo kwa fimbo yake, akaniuliza, "Mwanangu, unajua hapa palikuwa zizi la ng'ombe?" Sikujua. Na hata bila zizi, mvua hushusha rutuba ya juu yote ikatulia bondeni. Nilikuwa sijapima kitu.

Siku hizi nafanya hivi.

Hatua ya 1: Andika swali linalopimika. "Samadi ni nzuri?" halipimiki. Andika: "Viazi vya NPK (mbolea ya dukani) na samadi vinazidi kwa kilo viazi vya NPK peke yake?" Chini yake andika nadharia tete yako, yaani jibu unalotarajia, na matokeo yatakayokufanya ukubali umekosea. Yaandike kabla ya kupanda. Baada ya mavuno kila mtu ni mtabiri.

Hatua ya 2: Gawa vipande kwa jozi. Kila kipande mita 3 kwa 3: matuta manne yaliyoachana sentimita 75, mbegu kila sentimita 30. Mimi huweka jozi 6. Vipande viwili vya jozi moja vikae ubavu kwa ubavu, usawa mmoja wa mteremko, na jozi zishuke toka juu hadi chini. Rutuba ikiteremka, inavikuta vyote viwili.

Hatua ya 3: Rusha sarafu. Kichwa, samadi inaenda kushoto. Upande wa pili, kulia. Rusha upya kwa kila jozi. Usichague mwenyewe, maana mkono hupenda udongo mweusi bila kukuambia. Ronald Fisher, mtaalamu wa takwimu aliyeanza kazi kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919, ndiye aliyelisimamia sana jambo hili la bahati nasibu kwenye majaribio ya kilimo.

Hatua ya 4: Tofauti iwe moja tu. Hapa ndipo wengi tunaanguka. Samadi ni kilo 9 kwa kipande. Kuichanganya kunakulazimu kulima mara ya pili, sivyo? Basi kipande cha kulinganishia nacho kilimwe mara ya pili, japo huweki kitu. Usipofanya hivyo, huwezi kujua kama kilichosaidia ni samadi au jembe. Mbegu ziwe aina moja, ukubwa wa yai la kuku, zipandwe siku moja. Ukipiga dawa ya ukungu, piga vipande vyote asubuhi hiyohiyo. Palizi vilevile, usiache nusu ya kesho.

Vijiti vya alama viandikwe namba tu, 1 hadi 12. Daftari linalosema namba ipi ina samadi libaki nyumbani.

Hatua ya 5: Vuna na upime. Acha matuta ya pembeni na shina la kila mwisho, kwa kuwa mizizi yake huiba chakula cha jirani. Unabaki na mashina 16. Pima kwa mizani, kwa kilo. Lumbesa, magunia ya kujazwa kupita kiasi, tuwaachie madalali. Anayesoma mizani awe mtu asiyejua namba ipi ni ipi. Kijana wa jirani anatosha.

Hatua ya 6: Linganisha jozi kwa jozi. Usijumlishe shamba zima kwanza. Kama samadi haina kazi yoyote, kushinda jozi zote 6 ni sawa na kupata kichwa mara sita mfululizo: nafasi 1 kati ya 64. Kushinda jozi 3 kati ya 3 ni 1 kati ya 8, na hiyo hutokea kirahisi. Ndiyo maana sipandi jozi tatu.

Mwaka jana samadi ilishinda jozi tano. Ya sita waliingia mbuzi wakala majani upande mmoja. Nimeziandika kilo zake kama zilivyo, na pembeni nikaandika: mbuzi.