Namna ya Kuupa Ubunifu Alama Katika Shule za Msingi za Kigoma

Mwalimu wa Kigoma anajua kwamba shule yake itapimwa kwa matokeo ya Baraza la Mitihani, na mwongozo huu haumshauri ayapuuze. Unamwonyesha jinsi ya kuuingiza ubunifu wa wanafunzi katika daftari lile lile la alama, kwa sababu kazi isiyoandikwa humo huachwa mara tu mitihani ya majaribio inapokaribia.

Anza kwa kuchagua tatizo la kweli lenye majibu zaidi ya moja. Kwa shule zilizo karibu na ziwa, kama za Kibirizi na Ujiji, ukaushaji wa dagaa wakati wa mvua unafaa sana: dagaa walioanikwa juu ya mchanga huchafuka, na mvua ikiwanyea huoza au huuzwa kwa hasara. Waagize wanafunzi wa darasa la tano wabuni chanja, yaani jukwaa la kuanikia, kwa vitu visivyonunuliwa, kama matete, fito na vipande vya nyavu chakavu, kisha wachunguze kama dagaa wa juu ya chanja hukauka upesi kuliko wa mchangani. Hapo hisabati na sayansi huingia zenyewe, kwani ni lazima wapime uzito kabla na baada ya kuanika, waandike saa, na waanze na kiasi kilicho sawa pande zote mbili. Ratiba ya kazi hii ifuate mwezi wa angani pamoja na kalenda ya muhula, maana wavuvi wa Ziwa Tanganyika huwavuta dagaa kwa taa, na usiku wa mbalamwezi dagaa huwa haba. Shule za mbali na ziwa zinaweza kutumia mchikichi, kwa kuuliza jinsi ya kukamua mawese bila mafuta mengi kubaki kwenye makapi.

Usitoe mchoro wala mfano. Mwalimu akitengeneza chanja moja nzuri mbele ya darasa, atarudishiwa chanja hiyo hiyo na kila kikundi, naye atakuwa amepima utii tu.

Sehemu ngumu ni kusahihisha. Yaache kando mapambo na unadhifu, kwa kuwa mara nyingi hivyo ni kazi ya kaka au mjomba aliyesaidia nyumbani, na badala yake toa alama kwa mambo matatu: wazo lenyewe, mabadiliko ambayo kikundi kilifanya baada ya kujaribu, na maelezo ya sababu za mabadiliko hayo. Jambo la pili lipewe uzito mkubwa kuliko mengine. Kikundi ambacho chanja yake ilianguka, kikaeleza kwa nini na kuijenga upya, kinastahili alama nyingi kuliko kile kilichofaulu mara moja bila kujua sababu. Ili kuyaona haya, kila kikundi kiwe na daftari la kumbukumbu linaloandikwa siku ile ile ya jaribio. Darasa likiwa na wanafunzi wengi, kagua vikundi vichache kila siku huku wengine wakiendelea na mazoezi ya kawaida. Anayetaka kuvikagua vyote kwa kipindi kimoja atachoka na kuiacha kazi.

Mwalimu wa taaluma akiuliza uhalali wa haya yote, mkumbushe kwamba tangu mwaka 1967, katika andiko lake Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alikosoa uzito uliopewa mitihani, na kwamba mitaala ya sasa hudai umahiri, ambao hauonekani wote kwa kuchagua herufi ya jibu sahihi.

Wazazi nao wana haki ya kuuliza. Katika ripoti ya muhula, badala ya kuandika “ajitahidi”, neno lisilomwambia mzazi chochote, andika alichokifanya mtoto: “Aligundua kwamba chanja ya chini haipitishi hewa, akaiinua.” Katika kikao cha wazazi, waalike akina mama wanaoanika dagaa wawahoji wanafunzi; maswali yao huwa makali na ya maana kuliko yetu walimu.

Kuhusu wakati, darasa la saba hufanya mtihani wa taifa Septemba na darasa la nne hupimwa muhula wa pili, kwa hiyo ni busara kuanza na darasa la tatu, la tano na la sita, tena kwa kazi moja tu kwa muhula.