Usivilowanishe kwanza

Ukikuta vishada vidogo vya kuvumwani (mimea midogo isiyo na maua), vya kijani na laini kama mto wa kulalia, kwenye gome la mti, tuseme kule Uingereza, usikimbilie kuvimwagia maji. Vitazame vikiwa vikavu. Majani yaliyojisokota kama nywele za kipilipili huashiria jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Ulota. Yakiwa yamenyooka na kulalia shina, fikiria jenasi nyingine, Orthotrichum. Dondoshea tone moja la maji uone yanavyofunguka, na alama ile yote inapotea! Kisha tafuta vifuko vya spora (chembe za uzazi): Ulota huviinua juu ya majani, Orthotrichum nyingi huvificha humo humo. Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha. Na tafadhali, usibandue kishada kizima. Piga picha kikiwa kikavu, kisha kikilowa.